Bada, Mchunga na Kisamvu cha Mpira: Vyakula vya Handeni na Korogwe Vimfaavyo Msafiri

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha kwa njia ya Chalinze huingia katika wilaya ya Handeni karibu na Mkata, akafika njia panda ya Segera, kisha akashika njia ya Korogwe na Mombo. Yule aendaye Tanga huachana naye pale Segera. Mabasi mengi hupita njia hiyo kila siku, na mengi husimama Korogwe au karibu nayo ili abiria wapate kula. Abiria hushuka mbio, kwani utingo amekwisha kutangaza dakika chache tu. Hununua chipsi na kuku, au wali na nyama, wakala upesi na kupanda tena. Mmoja wao akifika kwao akiulizwa watu wa Korogwe hula nini, hujibu, "Chipsi." Hasemi uwongo. Ndicho tulichomuuzia.

Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji vyakula vya wenyeji wa Handeni na Korogwe, yaani Wazigua, Wasambaa na Wabondei, jinsi vipikwavyo, mahali pa kuvipata, na kwa nini havionekani mezani pa mgeni. Mengi ya haya sikuyajua mpaka likizo ya Desemba iliyopita, na kilichonifanya niyatafute ni aibu.

Mama yangu mdogo ana mgahawa nyuma ya stendi ya mabasi. Katika likizo mimi huandika bei ubaoni na kupeleka sahani. Siku moja alikuja mzee mmoja ambaye basi lake limeharibika, naye anangoja fundi. Akaniuliza, "Kijana, hapa kwenu chakula cha wenyeji ni kipi?"

Nikamjibu, "Kuna wali, ugali, chipsi na nyama, mzee."

Akasema, "Hivyo hata kwetu vipo. Mimi nimeuliza cha wenyeji."

Nilijua jibu. Jikoni, hatua kumi kutoka pale niliposimama, palikuwa na bada na mchunga, chakula chetu wenyewe cha mchana ule. Lakini tangu utoto nimesikia watu wakikiita chakula cha njaa, nami niliona haya kukitaja mbele ya mtu aliyevaa koti. Nikamwambia, "Hakuna, mzee."

Mama mdogo alisikia. Hakunigombeza mbele ya mgeni. Alipakua bada, akaweka mchunga pembeni, akampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Yule mzee alipoiona sahani akacheka kwa furaha. Kumbe babu yake alikuwa mtu wa Kigoma aliyeletwa kukata mkonge zamani za manamba, na kwao ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku. Alikula akamaliza, akaomba tena. Jioni mama mdogo akaniambia, "Wewe mtoto, leo umesema hapa kwetu hakuna chakula. Sasa sisi tumekua kwa kula nini?" Sikuwa na la kusema. Kesho yake akanituma kwa bibi, kijijini Handeni, nikae juma zima nijifunze.

Bibi alipoona daftari mkononi mwangu alicheka. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Marahaba, mume wangu. Umekuja kula au umekuja kuandika?" Nilimwambia nimekuja kwa yote mawili. Wake za wajomba walinitania siku nzima kwamba shule za siku hizi zafundisha wanaume kusonga, lakini siku ya pili walikuwa wananisahihisha nilipokosea, na hivyo nikapata walimu wengi.

Basi nianze na bada. Hili ni ugali wa unga wa muhogo, na jina hilo utalisikia mkoa mzima wa Tanga. Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Wareno waliutoa Amerika ya Kusini wakauleta bara letu karne nyingi zilizopita. Lakini nchi ya Handeni imeupokea kama mwana wa nyumbani kwa sababu moja kubwa: mvua zetu si za kuaminika. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa mbelewele, mwaka huo umekwisha. Muhogo husinyaa kidogo, ukapukutisha majani, ukangoja. Tena hauhitaji ghala. Waweza kuuacha ardhini, ukachimba shina moja leo na jingine mwezi ujao.

Iko mihogo mitamu na iko mihogo michungu. Mtamu huchemshwa au kuchomwa ukaliwa vivi hivi. Mchungu una sumu nyingi zaidi, nao hauliwi bila kazi. Bibi humenya muhogo mchungu, akaupasua, akauloweka katika maji kwa siku tatu mpaka uwe laini na kutoa harufu kali. Nilipoziba pua aliniambia kwamba harufu hiyo ndiyo dalili ya kazi kwenda vizuri. Kisha huondoa nyuzi za katikati, akaukamua, akaubomoa vipande vidogo na kuuanika juu ya jamvi katika jua kali. Ukikauka sawasawa hutwangwa kinuni na kuchekechwa. Unga wake ni mweupe kuliko chokaa, na mwepesi hata ukipiga chafya karibu nao utajuta, kama nilivyojuta mimi.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia juu ya kazi hii, na maelezo yake yalinishangaza. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Chembechembe za muhogo zikivunjika, kimeng'enya kilichomo humo humo hukigusa kitu hicho na mwisho wake hutoka haidrojeni sianidi, ambayo ni sumu ya kuua. Lakini sumu hiyo huyeyuka majini na hupaa hewani kwa urahisi. Kwa hiyo kuloweka, kukamua, kubomoa na kuanika ni njia za kuivunja chembechembe, kuitoa sumu na kuifukuza. Kukausha tu vipande vikubwa juani hakutoshi kwa muhogo mchungu sana, kwa maana sumu nyingine hubaki ndani. Bibi hajui neno linamarini. Anajua siku tatu.

Wala jambo hili si mchezo. Uko ugonjwa uitwao konzo, ambao ulielezwa na waganga huko Kongo katika mwaka 1938. Humpata mtu alaye muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa majuma mengi, hasa asipopata kitoweo cha maharage, samaki au nyama. Miguu hukakamaa ghafula, na haiponi tena. Hapa Tanzania ugonjwa huo ulitokea wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipofupisha siku za kutengeneza muhogo kwa sababu ya njaa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi aliyekataa katakata kuutoa muhogo majini siku ya pili, ingawa nilimsihi kwa sababu likizo yangu ilikuwa inakwisha.

Kusonga bada si kama kusonga ugali wa mahindi. Maji yapasa yachemke sana. Bibi humwaga unga katikati, akauacha kitambo kidogo, kisha husonga kwa nguvu na kwa haraka, maana ukichelewa hufanya madonge ambayo hayavunjiki tena. Bada likiiva hugeuka rangi, likawa la kijivujivu, lenye kung'aa, la kunata na kuvutika. Msafiri asiyelizoea hufanya kosa moja: hulitafuna. Bada likitafunwa hung'ang'ania meno. Tonge lake huwa dogo, huviringwa kwa vidole vya mkono wa kulia vilivyoloweshwa kidogo, huchovywa katika mchuzi, kisha humezwa. Mchuzi ndio ulioupa ulimi kazi. Bada huenda moja kwa moja tumboni, na likifika huko hukaa. Mkulima akila bada asubuhi aweza kulima mpaka alasiri.

Kitoweo cha bada chenye sifa ni mchunga. Huu ni mmea wa porini, majani yake marefu membamba, nao huota wenyewe mashambani baada ya mvua. Ukivunja jani hutoka maziwa meupe. Kama jina lake linavyotangaza, ni mchungu. Majani hukatwakatwa, huchemshwa, na maji yale ya kwanza humwagwa. Wengine huchemsha mara mbili, lakini bibi huwacheka hao, asema wamepika majani makavu. Kisha huungwa kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi.

Hapa yafaa nieleze habari ya tui, kwani wapishi wa mabweni hulikosea. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji kidogo yakakamuliwa: hilo ni tui zito, huwekwa kando. Machicha yale yale hutiwa maji mara ya pili yakakamuliwa tena: hilo ni tui jepesi. Tui jepesi ndilo litangulialo chunguni, mboga ikaivia humo. Tui zito huingia mwishoni kabisa, na tangu hapo mwiko hauachi kukoroga polepole mpaka lipwe mara moja, la sivyo hukatika na kufanya mabonge ya mafuta.

Ukila mchunga kwa mara ya kwanza uchungu hukujia kwanza, utataka kuacha. Usiache. Tonge la tatu utaonja utamu wa nazi nyuma ya uchungu, na bada lisilo na ladha ya kwake litakaa katikati yao na kuwapatanisha. Watu wengi huamini kuwa mchunga ni dawa ya tumbo na ya homa. Mimi sikuandika haya ili kuuza dawa. Nasema ni mboga nzuri, na msafiri mwenye homa aende hospitali.

Ziko mboga nyingine za namna hiyo ambazo hazipandwi na mtu: mnavu, na mlenda ambao wengi hapa huuita kibwando, wenye kuteleza kama bamia. Yako tena majani ya mimea tuliyopanda kwa sababu nyingine, kama majani ya kunde, ya maboga, na tembele la viazi vitamu. Mama mmoja akienda shambani kwa nusu saa mwezi wa Aprili hurudi na kitoweo bila kutoa shilingi.

Lakini mboga ambayo msafiri hataipata kwa urahisi akitoka nje ya mkoa wetu ni kisamvu cha mpira. Wengi mwajua kisamvu, yaani majani machanga ya muhogo. Hutwangwa kinuni mpaka yalainike, huchemshwa muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, kwani majani nayo yana ile sumu, kisha hutiwa tui, na aghalabu mbaazi au kunde. Kisamvu cha mpira hupikwa vivyo hivyo, ila majani yake hutoka katika mti mrefu, na ladha yake ni laini zaidi. Mtu atauliza, mpira wawezaje kuwa mboga?

Habari yenyewe ni hii. Mti huo ni ndugu wa muhogo, nao kwao ni Brazil. Wadachi walipotawala nchi hii waliupanda kwa wingi katika sehemu za Tanga ili kupata utomvu wa kutengenezea mpira. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka vibaya kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na bora. Mashamba ya hapa yakaachwa. Mabwana wakaenda zao, lakini miti haikwenda. Ikabaki mipakani mwa mashamba na nyuma ya nyumba, na kwa kuwa jani lake lafanana na la muhogo, likaingia kinuni. Sikupata kujua mama gani alitangulia kulionja. Alikuwa na moyo mkuu.

Tena mti huu umewafaa watu wa mbali wasioujua. Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana karibu mazima. Aliuona katika nchi iliyo chini ya milima hiyo hiyo. Yeye na wenzake wakachanganya muhogo na ndugu zake wa porini, mpira huu ukiwa mmoja wao, ili kupata aina zenye nguvu dhidi ya ugonjwa huo na ule wa batobato. Mbegu zilizotokana na kazi ile zilifika mpaka Nigeria, zikawafaa watafiti wa huko. Kwa hiyo msafiri anayekula kisamvu cha mpira Korogwe anakula kitu chenye historia ndefu kuliko chipsi.

Vyakula vingine nitavipitia kwa ufupi, kwa kuwa vinajulikana zaidi. Asubuhi, mtu aliyelala Korogwe asinywe chai kavu. Atafute mbaazi za nazi. Mbaazi huchemshwa mpaka ziive, zikatiwa tui zito na pilipili, zikaliwa kwa maandazi au chapati. Handeni hulima mbaazi, na nazi hutoka upande wa pwani, kwa hiyo chakula hiki ni kama mkutano wa bara na pwani mezani.

Pure ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na kunde au maharage. Wasomaji wa bweni watasema, "Hiyo si kande?" Naam, ni ndugu zao. Lakini yule aliyekula kande ya pipa kwa miaka minne asiihukumu pure ya nyumbani, iliyotiwa nazi na kupikwa usiku kucha kwa moto mdogo. Ni kama kumhukumu mtu kwa picha yake ya kitambulisho.

Mto Pangani hupita Korogwe, na humo hutoka perege na kambale. Perege mbichi wa kukaanga na bada ni chakula cha haraka kimfaacho hata mwenye basi la kungoja. Papa mkavu hupandishwa kutoka Tanga na Pangani, naye mchuzi wake una harufu ambayo ama utaipenda au utahama meza. Katika vijiji vya milimani, kama Bungu na Vugiri, chakula hubadilika: ndizi mbichi na maharage, viazi, na mboga za baridi. Wali mzuri waweza kuupata Mombo, ambako mpunga hulimwa kwa maji yatokayo milimani, na pale pale wauzaji hushusha matunda ya Lushoto. Upande wa Kabuku, Segera na Mkata ni machungwa, na yule mwenye kiu atakayenunua soda mbele ya rundo la machungwa mimi simwelewi. Handeni pia ina asali ya nyuki wa porini, na maziwa ya mgando kwa ndugu zetu Wamasai.

Sasa nirudie neno lile lililoniaibisha, "chakula cha njaa." Nilimwuliza bibi kama ni kweli. Alifikiri, akasema, "Ni kweli. Ndiyo maana uko hapa."

Nchi ya Wazigua imepata njaa nyingi. Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya miaka ya 1830 na kitu, ambayo masimulizi yake yanasema watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wakajiweka rehani au wakauzwa, wakapakiwa majahazini na kupelekwa mpaka nchi ya Wasomali. Huko walitiwa utumwani. Baadaye wengi walitoroka wakafanya makao yao kando ya mto Juba, na wajukuu zao wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na wakaletwa Handeni hii hii, nchi ambayo babu zao waliiacha kwa njaa. Tangu mwaka 2003 makazi yao yalikuwa Chogo, na wengi wamepewa uraia. Wazee wa Handeni walipozungumza nao walisikilizana.

Nikiyafikiri hayo naona kwamba watu walioogopa njaa kiasi hicho hawakuwa na nafasi ya kudharau jani lolote. Walijaribu kila kitu, wakajifunza lipi lachemshwa mara moja, lipi lamwagwa maji, na lipi laloweka siku tatu. Bibi alinitajia hata ndiga, kiazi cha porini chenye sumu kali, ambacho kilihitaji kuloshwa maji siku nyingi zaidi ya muhogo. Yeye amekila utotoni. Mama yangu hajawahi kukila. Mimi sijawahi kukiona. Kwa ndiga sioni hasara kubwa. Lakini nilipowauliza wenzangu kumi na wawili wa bweni letu, watokao wilaya hizi mbili, ni nani ajuaye kutengeneza muhogo mchungu, alijitokeza mmoja, naye alisema siku moja yatosha.

Msafiri atakaye kuvionja vyakula hivi asiende kwenye hoteli kubwa za barabarani. Huko watamwambia kama nilivyomwambia mimi yule mzee. Aende nyuma ya stendi, kwa akina mama walao wenyewe wanachokipika, au kwenye gulio. Aseme, "Mama, nataka bada." Huenda akaangaliwa kwa mshangao, kisha atapewa kiti kizuri. Mwenye nafasi na ashike njia ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni, kilomita 65, kisha atokee Mkata kwa kilomita 54 nyingine, badala ya kufuata barabara kuu tu. Njiani atapita vijiji vingi vyenye majina yanayoanza na Kwa, na akikuta watu wanakula atakaribishwa. Akikaribishwa asiseme ameshiba. Anawe mkono, ale hata matonge mawili, asifu, kisha ndipo aombe ruhusa.

Muhogo mbichi wa kutafuna njiani asinunue kwa mtu asiyejua ni wa aina gani. Amwulize mwuzaji kama ni mtamu, na akionja uchungu autupe.

Niliporudi Korogwe mama mdogo alinipa chaki. Chini ya wali na chipsi niliandika, "Bada na mchunga." Siku ya kwanza tuliuza sahani mbili, na moja ilirudi nusu, imetafunwa. Siku ya pili nikaongeza chini yake kwa herufi ndogo, "Usitafune." Mpaka likizo inakwisha tulikuwa tukiuza sahani nane au tisa kwa siku, nyingi kwa madereva wa malori, ambao hawana haraka kama abiria na tena wanajua kula. Ijumaa huwa na kisamvu cha mpira. Lakini msafiri akumbuke kuagiza mapema, au apige simu akiwa Segera, kwa kuwa mchunga huchumwa asubuhi, na ikifika saa nane huwa umekwisha.